Leso ya Zamani Mkononi mwa Bibi Harusi: Mwongozo Kamili wa Kuisafisha, Kuirekebisha na Kuibeba

Leso ya zamani ya kitani au pamba nyembamba, yenye lesi pembeni au herufi zilizotariziwa kwa mkono, ina uzuri ambao leso mpya haiwezi kuwa nao. Imefuliwa mara nyingi hadi nyuzi zake zimelainika, na mara nyingi imewahi kushikwa na mtu ambaye bibi harusi anampenda. Hata hivyo, wengi wanaoitoa sandukuni harusi ikiwa imekaribia huishia kuiharibu, na karibu wote huiharibu kwa njia moja: wanaona umanjano, wanaitia dawa kali ya klorini, wanaikamua, wanaipiga pasi ya moto, kisha wanakuta matundu mahali palipokuwa na madoa.

Kinachowaponza ni mpangilio wa kazi. Kutu huondolewa kabla ya kung'arisha, kung'arisha hufanywa kabla ya pasi, na sindano haishikwi mpaka leso imekauka. Ukifuata mpangilio huo na ukaanza angalau wiki 4 kabla ya siku yenyewe, utakuwa na nafasi ya kurudia hatua yoyote bila kukimbizana na muda.

Jambo jingine la kukubali mapema ni kwamba leso ya zamani haina haja ya kuwa nyeupe kama iliyotoka dukani. Weupe uliopoa kidogo unapendeza karibu na gauni na maua, na leso iliyobaki imara ni bora kuliko inayong'aa huku nyuzi zake zikikatika.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Beseni la plastiki au la kauri lisilo na mkwaruzo. Usitumie la chuma.
- Maji laini yasiyo na chumvichumvi, kama maji yaliyokenekwa au maji ya mvua yaliyochujwa vizuri.
- Sabuni ya maji isiyo na rangi, isiyo na manukato, na isiyokuwa na ukali wa asidi wala wa magadi.
- Unga wa sodiamu pakaboneti, yaani dawa ya kung'arisha inayotumia oksijeni, isiyo na klorini.
- Asidi ya sitriki ya unga, kijiko kimoja au viwili tu.
- Kipande cha neti laini kama ya shela, chenye ukubwa wa mara mbili ya leso.
- Taulo mbili nyeupe, vijiti vya pamba, na glavu za mpira.
- Kioo kikubwa au kigae laini kilichooshwa, kwa ajili ya kukaushia.
- Uzi mwembamba wa pamba, sindano nyembamba namba 9 au 10, na mkasi mdogo wenye ncha kali.
- Karatasi laini nyeupe isiyo na asidi, na boksi la kadibodi isiyo na asidi.

Kifaa kinachorukwa zaidi ni neti, nami ningependa kuitetea. Kitambaa kikongwe kikilowa huwa kizito, na mtu akikinyanyua kwa pembe moja, uzito wa maji huchana lesi. Neti hubeba uzito huo kwa niaba ya nyuzi.

## Hatua ya 1: Ichunguze leso dhidi ya mwanga

Ishike leso mbele ya dirisha kwa mikono miwili, ukiwa umeitandaza bila kuivuta. Mahali palipochakaa huonekana kama kijidirisha chenye mwanga zaidi kuliko sehemu nyingine, hata kama bado hapajatoboka. Kagua hasa mistari ya mikunjo, kwa sababu leso iliyokunjwa vilevile kwa miaka mingi huanza kukatika kwenye mikunjo hiyo, na kagua pia mshono unaounganisha lesi na kitambaa.

Pima ukubwa wake. Leso nyingi za kike huwa na sentimeta 25 hadi 30 kila upande, na hizo zinafaa kuzungushwa kwenye shina la shada la maua au kubebwa mkononi. Za kiume hufika sentimeta 40 au zaidi, na zinakaa vizuri katika mfuko wa koti la bwana harusi.

Katika baadhi ya familia, hasa zenye asili ya Ireland, leso huwa imeshonwa kwa mishono michache kuwa kofia ya mtoto mchanga, ili ifumuliwe siku mtoto huyo atakapooa au kuolewa. Ukikuta mishono ya namna hiyo, ifumue kabla ya kufua. Kata kila mshono wa tatu kwa ncha ya mkasi, kisha utoe vipande vya uzi kimoja kimoja. Ukivuta uzi mzima kwa mkupuo, unaweza kuchana kitambaa.

Onyo: Kama leso inatoa vumbi la nyuzi unapoigusa, au hariri yake imepasuka mistari mistari, usiifue kabisa. Itie ndani ya fremu yenye kioo, iwekwe kwenye meza ya harusi, na bibi harusi abebe nyingine.

## Hatua ya 2: Tambua kitambaa na ujaribu rangi

Dawa inayofaa kitani na pamba inaweza kuharibu hariri, kwa hiyo usikisie. Chomoa kiuzi cha nusu sentimeta kutoka kwenye upindo uliokwisha kufumuka, ukishike kwa kibanio juu ya sinki, kisha ukichome. Pamba na kitani huwaka haraka na kutoa harufu ya karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini la kijivu. Hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha punje nyeusi inayosagika. Nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Kisha jaribu rangi ya tarizi. Lowanisha kijiti cha pamba kwa maji, kibonyeze juu ya kila rangi kwa dakika moja, halafu ukitazame. Rudia kwa maji yenye sabuni. Rangi nyekundu, buluu iliyoiva na nyeusi ndizo zinazochuja mara nyingi zaidi. Rangi moja ikionekana kwenye kijiti, hata kwa mbali, leso hiyo isilowekwe. Futa sehemu nyeupe tu kwa kijiti chenye unyevu, kisha uruke hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Loweka katika maji baridi pekee

Weka leso katikati ya neti, ikunje neti juu yake, kisha uishushe ndani ya maji laini yaliyo baridi. Usitie kitu chochote. Iache kwa saa 2 au 3.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya umanjano ni wanga wa kale, jasho lililokauka, na asidi iliyohama kutoka kwenye mbao za sanduku au karatasi duni. Vitu hivi huyeyuka kwa maji matupu. Kuvipikia sabuni au maji ya moto kabla havijatoka ni kuvikaza ndani ya nyuzi, hasa jasho na damu, ambavyo vina protini inayoganda kwa joto.

Maji yakigeuka rangi ya chai hafifu, usiogope. Hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea. Yamwage, ujaze mengine, na urudie mpaka yabaki meupe kwa saa nzima. Baada ya hapo, tia matone machache ya sabuni kwenye maji ya uvuguvugu, bonyeza leso kwa sifongo kupitia neti bila kuisugua, kisha uisuuze.

Utajua umefanikiwa maji ya mwisho yakiwa safi, kitambaa kimelegea, na harufu ya sanduku imetoweka. Leso nyingi hazihitaji zaidi ya hapa. Kama unaridhika na rangi unayoiona, ruka hatua mbili zinazofuata na uende moja kwa moja kwenye kukausha, kwa sababu kila dawa unayoiepuka ni umri unaouongezea kitambaa.

## Hatua ya 4: Ondoa kutu kabla ya jambo jingine lolote

Hapa ndipo leso nyingi zinapopotea. Doa la kutu lina rangi ya kahawia yenye uchungwa, mara nyingi ni dogo kama kichwa cha pini, na kingo zake ni kali. Hutokana na pini iliyosahauliwa, kishikizo cha chuma, au bawaba ya sanduku.

Ukitia dawa ya oksijeni juu ya doa hilo, chuma kilichomo huharakisha mchemko wa dawa mahali hapo hapo, na nguvu yake yote huishia kwenye nyuzi chache. Siku ya pili doa limeondoka, na mahali pake pana tundu la ukubwa uleule. Klorini hufanya vibaya zaidi, kwani yenyewe hukata nyuzi za pamba na kitani na huweza kuyeyusha hariri.

Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki katika mililita 250 za maji ya uvuguvugu. Tandaza taulo chini ya doa, dondosha matone machache kwa kijiti cha pamba, subiri dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi. Ukitazama kwa karibu utaona kahawia ikipauka kuanzia pembeni kuelekea katikati, na taulo ikichukua rangi ya manjano chini yake. Rudia mara tatu au nne, ukisuuza kila mara.

Maonyo: Usiiache asidi ikakaukia kwenye kitambaa, kwa sababu maji yanapokauka ukali wake huongezeka na nyuzi hudhoofika. Ndiyo maana siungi mkono mbinu ya kupaka limau na chumvi na kuianika leso juani hadi ikauke, ingawa imesifiwa sana. Na kamwe usichanganye asidi na klorini, hata kwa mabaki yaliyobaki kwenye beseni, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

## Hatua ya 5: Ng'arisha kwa subira

Hatua hii ni ya pamba na kitani tu. Leso ya hariri inaishia kwenye sabuni laini na maji baridi, kwa kuwa dawa hii ina magadi, na magadi hula hariri.

Vaa glavu. Pima kijiko kimoja cha mezani cha sodiamu pakaboneti kwa lita 2 za maji yenye joto la nyuzi 40 hadi 50, ukoroge mpaka pasibaki punje hata moja, ndipo uishushe leso ikiwa ndani ya neti. Punje isiyoyeyuka ikikaa juu ya kitambaa hung'arisha nukta moja kupita nyingine, na nukta hiyo haifutiki.

Itazame kila baada ya saa moja. Itoe mara tu umanjano unapopungua vya kutosha, na kwa vyovyote usipitishe saa 8, kwani baada ya muda huo dawa imeisha nguvu na leso inakaa bure katika maji ya magadi. Ukihitaji zaidi, suuza, pumzisha leso usiku mmoja, kisha andaa dawa mpya kesho yake. Mara mbili zinatosha. Doa lililosalia baada ya hapo tutalificha kwa tarizi.

Usiifunike beseni kwa kifuniko kinachobana, wala usihifadhi maji ya dawa kwenye chupa iliyofungwa, kwa kuwa gesi ya oksijeni inaendelea kutoka na inaweza kupasua chombo.

## Hatua ya 6: Suuza hadi uchoke, kisha ukaushe juu ya kioo

Suuza angalau mara tano, na suuzo la mwisho liwe la maji laini yaliyokenekwa. Mabaki ya sabuni na magadi hayaonekani leso ikiwa imelowa, ila pasi inapopita juu yake, au inapokaa kabatini kwa miezi kadhaa, yanageuka kuwa umanjano mpya. Wengi wanaolalamika kwamba rangi imerudi hawakudhulumiwa na dawa. Waliacha kusuuza mapema.

Usikamue. Ilaze leso juu ya taulo, weka taulo ya pili juu yake, kisha ubonyeze kwa viganja.

Sasa itandaze ikiwa bado ina unyevu juu ya kioo au kigae safi, na uilainishe kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, ukinyoosha kila jino la lesi mahali pake. Ikikauka hivyo itabanduka yenyewe ikiwa imenyooka na kung'aa kidogo, na lesi yake haitahitaji pasi kabisa. Nazipenda sana leso zilizokaushwa hivi, kwa kuwa hazina ule mkazo wa kitambaa kilichokandamizwa na chuma cha moto.

## Hatua ya 7: Rekebisha palipochanika

Kazi ya sindano inafuata baada ya kukauka kwa sababu kitambaa kikongwe hurudi kidogo kinapofuliwa. Kiraka kilichoshonwa kabla ya kufua kingekunjamana.

Tundu dogo kuliko punje ya mchele lizibwe kwa kufuma: pitisha nyuzi za wima zilizokaribiana, kisha ufume nyingine juu na chini yake. Anza na kumaliza angalau milimita 5 nje ya tundu, kwenye kitambaa chenye nguvu, na usifunge fundo. Usivute uzi ukakaza. Kitambaa kinapaswa kubaki bapa mezani.

Palipochakaa zaidi, weka kipande cha neti laini nyuma na ukishikize kwa mishono midogo. Kwa umbali wa mkono mmoja hakitaonekana. Uzi uwe wa pamba na mwembamba kuliko nyuzi za leso yenyewe, kwa sababu uzi mzito au wa polista hushinda nguvu kitambaa na kukikata.

## Hatua ya 8: Tarizi majina, ukiacha nafasi

Ubelgiji kuna desturi nzuri ambayo ningependa ienee: leso hutariziwa jina la bibi harusi, huwekwa kwenye fremu baada ya harusi, kisha hutolewa tena na kuongezwa jina la bibi harusi anayefuata katika familia. Ukitaka kuifuata, tumia pembe moja tu, na herufi zisizidi sentimeta 1, ili watakaofuata wapate mahali pao.

Chora maandishi kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, weka leso juu yake dirishani, na ufuatishe mistari kwa mishono mirefu ya muda ya uzi wa buluu hafifu. Epuka kalamu za kuchorea zinazosemekana kufutika kwa maji, kwa sababu baadhi huganda kwa joto la pasi na nyingine hurudi baada ya muda.

Tarizi kwa uzi mmoja au mbili za pamba. Kwa wanaofuata desturi ya Kiingereza ya bibi harusi kubeba kitu cha zamani, kipya, cha kuazima na cha buluu, leso ya bibi iliyoazimwa na kutariziwa kwa uzi mpya wa buluu inatimiza yote manne. Doa lililokataa kutoka linaweza kufunikwa kwa ua dogo au tawi la majani. Mimi naona hilo ni heshima zaidi kuliko kulipiga dawa mara ya tatu.

Ukijichoma na damu ikadondoka, gusa doa papo hapo kwa kijiti chenye maji baridi. Usitumie maji ya moto.

## Hatua ya 9: Pasi

Kama leso ilikaushwa juu ya kioo na haikukunjamana wakati wa kutarizi, iache. Vinginevyo, ilaze kifudifudi juu ya taulo ili tarizi isibapike, ifunike kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na ubonyeze pasi bila kuiburuta. Hariri ipate moto mdogo, pamba wa kati, na kitani mkubwa zaidi. Wanga utie tu ikiwa leso itakaa mfukoni mwa koti, na uutie siku moja kabla.

## Hatua ya 10: Ibebe siku ya harusi

Hatari kubwa siku hiyo ni maua. Utomvu wa mashina huacha madoa ya kahawia, na chavua ya yungiyungi hushika kitambaa kwa ukaidi. Mwombe mpambaji atoe vibeba chavua kabla maua hayajafunguka kabisa. Mashina yatolewe majini na yakaushwe, yazungushiwe utepe usiopitisha maji, kisha utepe wa kitambaa, ndipo leso ije juu. Ifunge kwa utepe mwingine, au kwa mishono miwili inayopita kwenye utepe wa chini. Pini isipite kwenye leso yenyewe. Ikilazimu, iwe isiyoshika kutu na ipite katikati ya matundu ya lesi.

Chavua ikidondoka, usiisugue wala usiilowanishe. Iguse kwa utepe wa kunata na uinyanyue.

Muhimu zaidi, andaa leso mbili. Ya zamani iwe ya kubeba na ya kupigwa picha, na nyingine ya kawaida iwe kwa mpambe, kwa ajili ya kufutia wanja na rangi ya midomo. Machozi yenyewe hayadhuru kitambaa kikisuuzwa mapema; kinachodhuru ni nta na rangi za vipodozi.

## Hatua ya 11: Irudishe mahali salama

Ndani ya siku mbili au tatu, iloweke tena kwenye maji baridi, toa wanga wote, suuza na uikaushe juu ya kioo. Wanga ukibaki huwavutia wadudu na hufanya mikunjo ikatike.

Iviringe leso pamoja na karatasi isiyo na asidi badala ya kuikunja, uitie kwenye boksi lake, na uweke boksi mahali pakavu pasipo na jua. Mfuko wa plastiki haufai, kwani hunasa unyevu na kuleta ukungu. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni jina la mwenye leso, tarehe ya harusi, aina ya kitambaa, na dawa zilizotumika, ili atakayeifua baada yako asianze kwa kukisia. Kila baada ya miezi 6 ifungue, iangalie dhidi ya mwanga kama katika hatua ya 1, kisha iviringe kuanzia upande mwingine.